Asidi Iliyokwenda Matangani

Shati lililomwagikiwa asidi halitoboki siku ileile. Unatembea nalo, unasema Mungu amekuokoa. Linatoboka siku ya kufuliwa. Unalikamua, na pale palipoangukia tone, kitambaa kinakubakia mkononi kama karatasi iliyolowa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua kuhusu asidi, na nililijua kwa mikono ya dobi kabla sijalijua jina lake.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye karakana ya betri pale Hai Mauna. Mimi ni Josephine Poni, ingawa wengi wenu mnanijua kwa Haboba tu, kwa kuwa hapa Juba kila nyanya ni haboba wa watu wote. Nimeacha kazi mwezi huu kwa sababu ya macho. Shule yangu ni ndogo, ya watu wazima, niliisoma Eldoret nikiwa tayari na watoto wanaosoma mbele yangu, kwa hiyo mkiona mwandiko unapanda mlima na kushuka, ufuateni tu. Habari za mshahara na vyeo siandiki. Kilichokuwa na vyeo mle ndani ni betri peke yake: ya pikipiki, ya gari, ya lori, na ile ya sola inayojiona waziri.

Niliporudi kutoka Kenya nilikuwa nafua nguo za watu. Mzee Nuur, mwenye karakana, Msomali wa Garissa, aliniletea ovaroli za mafundi wake. Nikazirudisha zina matundu. Nilikwenda kwake nikijua nitalipishwa. Mzee Nuur akazishika, akaziangalia juani, akamwita fundi wake.

"Wani! Njoo uone mama huyu anavyolia kwa ajili ya dhambi zako."

Fundi Wani akatoka nyuma akiwa amevaa aproni ya mpira. Alikuwa Mkuku, kabila la Kajo-Keji, ila alikulia kambini Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko njiani. Akatia kidole chake kwenye tundu moja, akakichezesha mbele yangu kama mtoto.

"Mama, wewe hapana kosa. Hii ni asidi nakula. Yeye nakula polepole, nangoja sabuni."

Ndipo Mzee Nuur akasema kwamba mtu anayeyaona matundu kabla ya mwenye nguo ana macho ya kazi ile, na akaniambia nije kesho yake. Nikaanza kwa kufagia. Tulikuwa wachache: Mzee Nuur, Wani, Taban dereva wa pikapu, Hellen aliyetuchemshia chai, na mimi.

Siku ya kwanza Wani hakunipa ufagio. Alinipa kiti. Akamwomba Hellen sukari, akaitia kwenye glasi, akaimiminia asidi kali, ile inayoletwa haijachanganywa na maji. Asidi kali si kama maji hata kidogo ukiitazama vizuri. Inashuka nzito, taratibu, kama mafuta ya kupikia. Sukari ikageuka njano, ikawa kahawia, halafu ikapanda juu nyeusi, inatoa mvuke, mkaa mtupu. Hellen akapiga kelele kama ameibiwa.

"Sukari yangu, Wani!"

"Hellen, hapana lia. Sukari nakufa, lakini mama nabaki na mikono."

Akanieleza kwamba asidi kali ina kiu. Inayavuta maji popote yalipo: kwenye sukari, kwenye mbao, kwenye ngozi ya mtu, hata hewani. Ukiacha chombo chake wazi msimu wa mvua, kesho utakuta kimeongezeka, na usidhani umebarikiwa.

Baadaye akanifundisha kuchanganya, na hapa ninyi vijana nawaomba msome polepole. Asidi inapokutana na maji inatoa joto kali. Ukimimina maji juu ya asidi, yale maji yanachemka palepale na kukurukia usoni na asidi ikiwa mgongoni mwake. Lazima asidi ndiyo iingie kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga kwa fimbo ya kioo, na ukingoja ipoe. Wani alisema hivi, nami sijapata maneno mazuri kuliko hayo: "Maji ni nyumba. Asidi ni mugeni. Mugeni naingia kwa nyumba polepole. Nyumba hapana kwenda kuingia kwa mugeni."

Akanipa kile kipimo cha kioo chenye kibofu cha mpira. Unabonyeza kibofu, unaachia, asidi ya betri inapanda, na kiboya kilicho ndani kinaelea. Asidi yenye nguvu ni nzito, inakibeba kiboya juu. Iliyochoka inakiacha kizame. Nilikipenda chombo kile kuliko saa. Wateja walikuwa wakiapa kwamba betri ni mpya, kiboya kinazama kimya kimya, na mimi nakaa kimya kama chenyewe.

Mengine niliyajua kwa kuishi nayo. Asidi inakula bati na msumari, na hapo inatoa mapovu. Kioo haili, plastiki ya jerikeni haili, na zile sahani za madini ya risasi ndani ya betri inakaa nazo miaka. Betri inapochajiwa inatoa hewa isiyoonekana, inayoshika moto, ndiyo maana Wani aliwahi kumpokonya mwanajeshi sigara mdomoni akaizima kwa kiatu. Tuliomba sote kimya kimya mpaka mwanajeshi alipocheka. Asidi ya kusafishia vyoo inajitangaza, ukifungua tu inafuka na kukukaba koo. Ya betri haijitangazi. Haina rangi wala harufu. Ukiichanganya na maji na kuiweka kwenye jerikeni la maji, ni maji mpaka ikuguse.

Inapomwagika sakafuni, dawa yake ni magadi, yale yale ya kupikia maharagwe, au majivu ukikosa. Unanyunyiza, inachemka, inapiga povu, inanung'unika. Unaongeza mpaka itulie. "Kama nanyamaza, nakufa," Wani alikuwa akisema, akimaanisha asidi.

Tulikaa hivyo miaka. Hellen aliolewa akaenda Yei. Akaja Keji, binti wa jirani yetu, msichana mwenye mikono mitulivu kuliko yote niliyopata kuiona. Wani alimfundisha kila kitu, na nilimwona anavyojivuna akimtazama akimimina. Keji alimwita Baba. Hakuwa na baba mwingine.

Halafu Wani akaugua. Haikuwa asidi, msije mkasema. Lilikuwa ini. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa, na kabla hatujazoea kwamba hayupo kazini, akawa hayupo kabisa.

Sasa nifike mahali pagumu. Wengi wenu hamkuwepo, na mmesikia vipande tu, vingine vya uongo.

Bika ya Wani, yaani matanga yake, iliwekwa nyumbani kwake Gudele. Upande ule maji ni ya kununua kwenye lori, na kwenye bika watu wanakunywa, wananawa, wanapika kutwa. Kwa hiyo Mzee Nuur akasema karakana itapeleka sukari, mkaa na maji. Majerikeni yetu yalikuwa yale ya njano, ya mafuta ya kupikia, kama ya Juba nzima. Asidi huwa tunaiweka kwenye vyombo vyeupe, lakini vyeupe vilikuwa vimepasuka, na Wani kabla ya kuugua alichanganya asidi kwenye jerikeni moja la njano. Akalifunga kwenye mshikio kipande cha mpira wa tairi kuwa alama, akaliweka kwenye kona yake. Katika siku za ugonjwa mtu alilisogeza kupata nafasi. Nani, hakuna ajuaye, na sikutafuta kujua.

Keji ndiye aliyeandaa majerikeni, yaliyokuwa tayari yamejaa. Alilia huku akiyasugua kwa mchanga na sabuni, nje mpaka yakang'aa, kwa kuwa kwetu ni aibu kupeleka chombo kichafu kwenye msiba, watu watasema marehemu hakuwa na thamani kwenu. Na kila kilichokuwa kimefungwa kwenye mshikio, kamba, tambara, mpira mweusi wenye grisi, alikikata kwa kisu akakitupa. Ilikuwa heshima. Kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu asiyempenda Wani.

Taban alipopakia kwenye pikapu alisimama akashika kiuno.

"Keji, hili moja mmetia mawe?"

"Ni uvivu wako, Taban. Beba."

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu wenye msiba. Keji akapanda pikapu akaenda nayo ili akasaidie jikoni. Mimi nilibaki na Mzee Nuur kufunga karakana, tufuate pamoja Taban akirudi kutuchukua.

Taban alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini alipofika mteja na betri ya ambulensi. Hiyo huwezi kuiambia kuna msiba. Mzee Nuur akaenda kwenye kona kuchukua asidi. Nikamsikia anasogeza vitu. Akatoka.

"Mama Poni, ile asidi ya Wani iko wapi?"

Nilimtazama Taban, na Taban alikuwa akiiangalia mikono yake.

"Lile zito," akasema.

Tulipiga simu. Ya Keji ilikuwa imezimwa, ya Rose, mke wa marehemu, imezimwa pia, kama ilivyo desturi ya wafiwa. Nikachota magadi kwenye gunia la sakafuni, nikayafunga kwenye leso, nikapanda pikapu pamoja na Mzee Nuur. Taban aliendesha kwa namna ambayo sitaieleza kwa kuwa mke wake yu hai na anajua kusoma.

Tulipofika nilifanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Nilipiga kelele: "Maji! Msinywe maji!" Lakini kwenye bika, mwanamke akiingia getini akipiga kelele, wanawake wengine hawaulizi anasema nini. Wanamwitikia. Wote walioketi kwenye mikeka wakaanza kulia kwa sauti, mikono kichwani, na neno langu likafunikwa kama jiwe kwenye maji. Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kulia. Mama Sunday, aliyekuwa mkuu wa jikoni, akanijia akanishika mabega.

"Pole, Haboba. Malesh, malesh. Kaa chini kwanza. Upewe maji."

Na kikombe kikaletwa, kimejaa, safi, kinametameta. Nikafungua leso nikatia magadi. Yakazama yakakaa chini. Hakuna kitu. Yalikuwa maji.

"Haboba, unafanya nini?"

"Yale majerikeni ya njano yako wapi?"

Yalikuwa yamepangwa ukutani, yetu na ya majirani, yote yaking'aa kama mapacha, hakuna mama awezaye kuwatofautisha. Nikaenda jerikeni kwa jerikeni: namimina kidogo kwenye kifuniko, natia magadi, naangalia, nasonga mbele. Taban naye aliyainua moja moja kuyapima kwa mkono wake. Keji akatoka jikoni na vikombe. Aliniona na magadi, na sikuhitaji kumwambia neno. Aliangusha vikombe vyote.

"Haboba, moja nimelimimina kwenye zir," akasema.

Zir ni ule mtungi mkubwa wa udongo unaotuliza maji, na kikombe chake ni kimoja kwa wote. Ulikuwa kivulini, karibu na mkeka wa wafiwa. Nilikimbia na magoti haya haya. Nikatupa magadi ndani, na mtungi ukachemka mpaka povu likamwagika juu ya mdomo wake, mbele ya watu wote, na hapo ndipo kilio kilipokatika.

Rose alikuwa ameketi kando yake. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani, na Keji ndiye aliyembembeleza anywe kidogo. Kikombe kilikuwa mkononi mwake. Midomo ilikuwa imelowa na alikuwa ameuweka mkono kooni.

Nitawaambia tulichofanya, kwa sababu siku moja mtahitaji. Tulimsukutua kinywa kwa maji ya jerikeni lililokwisha kupimwa, tena na tena, anatema. Kisha tukampa maziwa anywe polepole. Mama mmoja alitaka kumtapisha kwa kidole, nikaushika mkono wake, kwa kuwa kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Mwingine akaona povu la mtungi akasema, mpe magadi basi, yanaiua. Nikamwambia magadi ni ya sakafu. Tumboni yatachemka vilevile, na tumbo halina mdomo mpana kama zir. Taban akampeleka hospitali.

Mungu alisaidia, na maji yaliyokuwa tayari mtungini yalisaidia, maana asidi ilikuta nyumba. Hakuna mwingine aliyekuwa amekunywa. Waombolezaji huwaachia wafiwa kikombe cha kwanza.

Kisha Lomoro, kaka yake Wani, akasimama katikati ya uwanja.

"Nani aliyetia sumu kwenye maji ya ndugu yangu?"

Mzee Nuur alifungua mdomo aseme ni karakana yake. Keji akamtangulia.

"Ni mimi, Baba Lomoro. Sikujua, lakini mkono ni wangu."

"Mlimla Wani mpaka akaisha. Mkaona mke wake amebaki?"

"Baba..."

"Usiniite baba. Toka. Na mahali ambapo watu wa Wani wanakunywa, mkono wako usionekane."

Keji alitoka kwa miguu, kutoka Gudele, bila kuaga. Nilitaka kumfuata, lakini bika ni bika, kulikuwa na maharagwe jikoni na watu wa kulisha. Tulipika kwa maji tuliyoyapima, na kila aliyekula alikitazama chakula kwanza.

Rose alitoka hospitali akiwa na sauti nyingine, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Pilipili mpaka leo hali. Kwa upande wa Keji, Mzee Nuur alimfuata kwao akamrudisha kazini. Alirudi, lakini hakurudi. Alikuwa akifagia. Jerikeni haligusi, fimbo ya kioo haigusi, na mteja akija na kiu, yeye alikuwa akitoka nje. Wala sisi hatukumsaidia. Nasema kweli. Taban alikuwa akijichotea maji mwenyewe hata Keji akiwa amesimama kando ya ndoo. Neno la Lomoro lilikuwa limefika Hai Mauna kabla yetu. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyekunywa kutoka mkononi mwake. Msichana wa watu alikonda mbele ya macho yetu. Siku moja alinitajia kwamba atakwenda kwa mjomba wake kule Nimule, akauze nyanya. Nikamwambia nyanya pia zinaoshwa kwa maji. Hakucheka.

Baada ya arobaini, Rose akaja karakana. Alikuwa amevaa nyeusi, na alikuja peke yake kuchukua glavu, aproni na miwani ya Wani. Tulisimama wote. Keji alikuwa kwenye kona na ufagio, akageukia ukuta.

Mzee Nuur akampa kiti. Akampa pole. Kila mtu akajua kinachofuata, maana mgeni akiketi kwetu haulizwi habari kabla hajapewa maji. Nilitazama ndoo. Taban aliitazama ndoo. Tulimwogopea Rose, tuliona haya kumwekea mbele kitu cheupe kama maji kwenye kikombe. Tukabaki hivyo, watu wazima, tumesahau kumpa maji mjane wa rafiki yetu.

"Nimetembea kutoka stendi," Rose akasema kwa sauti yake ile mpya. "Jua ni kali. Kwa Wani siku hizi hamna maji?"

Nikanyanyuka. Akaniinulia kiganja.

"Wewe kaa, Haboba. Magoti yako nayajua." Akatazama kona. "Keji yupo."

Keji hakugeuka mara moja. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta. Aliweka ufagio chini. Akanawa mikono. Akasuuza kikombe, akachota, akaja nacho mpaka mbele ya kiti, akapiga magoti kama mtu anavyompelekea mama yake. Lakini hakukitoa. Alikipeleka kwanza mdomoni mwake, akanywa nusu, macho yake yakiwa kwa Rose, akameza, akangoja kidogo ili Rose aone. Ndipo akampa kwa mikono miwili.

Rose alikishika. Akakitazama ndani. Nilijua kama akikiweka chini, Keji yuko njiani kwenda Nimule kabla ya jua kutua, na hakuna neno la Mzee Nuur wala langu litakalomrudisha.

Akanywa. Alikunywa taratibu, kwa sababu koo lake linataka taratibu, mpaka mwisho. Akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akakirudisha kikombe kwenye mikono ileile iliyokileta.

"Niongezee," akasema.